Bei Isiyo na Fundi

Kinyozi alikuwa na maneno yake juu ya madalali, na kila mteja aliyeketi kwenye kiti chake aliyasikia, apende asipende, kwa kuwa hakuna anayebishana na mtu aliyemshikia wembe shingoni.

"Dalali," alikuwa akisema huku akifuta povu, "ni mtu anayeuza mlango wa mwenzake kwa ulimi wake. Akikuonyesha chumba kisicho na dirisha, atakwambia kina utulivu. Kikiwa na dirisha linalotazama jalala, atakwambia kina hewa."

Hakuwa akisema ya kuambiwa. Yeye na mkewe walikuwa wamezungushwa mji mzima na wanaume wenye simu mbili mbili, wakalipishwa pesa ya kutazama nyumba ambazo nyingine hazikuwa zikiuzwa kabisa. Mara moja walimkuta mwenye nyumba mezani na watoto wake, anakula, hana habari kwamba anahama.

Na muda ulikuwa unawabana. Baba mwenye nyumba waliyopanga aliwaita, akawaambia kwa upole wa mtu asiyebadili neno kwamba mwanawe anarudi na familia yake, na vyumba vitahitajika kabla shule hazijafunguliwa. Kinyozi na mkewe, karani wa bohari ya dawa hospitalini, walikuwa wamejinyima miaka hadi wakafikisha milioni thelathini na sita. Mke alishazigawa kichwani. Thelathini za nyumba. Sita za kuongeza chumba kimoja cha mama yake mzazi, ambaye wakati huo alilala sebuleni kwa mtoto wake wa kiume na kukunja godoro kila asubuhi kabla wageni hawajabisha hodi.

Mke ndiye aliyesikia habari za Mama Fumua, kutoka kwa muuguzi aliyenunua nyumba kupitia kwake.

"Dalali mwanamke?" kinyozi akauliza. "Basi huyu atatudanganya kwa sauti tamu."

"Twende umsikie kwanza, baba watoto. Masikio hayalipiwi."

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja pembeni ya duka la kutoa nakala: meza, viti vitatu, na kwenye kona cherehani iliyofunikwa kitambaa cheupe. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, na vidole vyake vilikuwa vimetobolewa na sindano mpaka ncha zikawa ngumu kama kokwa. Alikuwa fundi wa nguo tangu usichana. Macho yalipoanza kukataa tundu la sindano, mteja wake mmoja alimwomba amsindikize kutazama nyumba. "Wewe unajua kupima," alimwambia. Alikwenda, akapima, akasema bei. Mwenye nyumba alipinga, akapinga, mwisho akakubali bei ileile. Habari ikaenea. Jina alilipata baadaye, kwa sababu ya neno lake analolipenda.

"Gauni lolote," aliwaambia siku hiyo, "ukitaka kujua thamani yake, usilitazame linavyong'aa kwa mbele. Ligeuze. Fumua mshono mmoja. Hapo utamwona aliyelishona: alikuwa na haraka, alikuwa na njaa, au alikuwa anaipenda kazi yake. Na bei ni hivyo hivyo. Mtu akikutajia bei, usiseme ghali, usiseme rahisi. Ifumue."

Akakunjua mkono wake mezani. Dole gumba: kiwanja. Cha pili: vifaa, yaani tofali, saruji, mbao, mabati. Cha kati: ufundi. Cha nne: mtaa, maji yake, barabara yake, majirani zake. Kidole cha mwisho: haraka ya muuzaji.

"Madalali wengi hukikamata hiki kidogo kwanza," akasema. "Wanauliza, je, ana mgonjwa? Ana deni? Ana kesi? Halafu wanakifinya hadi mtu alie. Mimi hiki nakigusa mwisho, na sikifinyi."

"Na wewe unakula wapi?" kinyozi akauliza. "Asilimia ngapi?"

"Sili asilimia, mwanangu. Nyinyi mnanilipa ujira mmoja, bei ipande ishuke. Nikila asilimia, mdomo wangu utakuwa upande wa bei, hautakuwa upande wenu."

Kinyozi akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari kama mtu asiyesema "nilikwambia".

Kwamba mama huyu hakuwa laini, walijua wiki hiyohiyo. Aliwapeleka kwenye nyumba moja yenye vigae vinavyong'aa hadi kinyozi akajiona uso sakafuni. Muuzaji alitaka arobaini. Mama Fumua alifungua mabomba yote kwa pamoja, maji yakatoka kama machozi ya kuigiza. Alipanda kwenye kiti, akachungulia darini, akashuka akipangusa vumbi la mchwa mikononi. Kisha palepale, bila kupandisha sauti, akaifumua bei ile kidole kwa kidole mbele ya mwenyewe, akafika ishirini na tisa. "Hizo kumi na moja zilizobaki ni vigae," akasema. Muuzaji akacheka kwa dharau. Kinyozi akataka kuongeza. Mama Fumua akamshika mkono, akamuaga muuzaji kwa adabu zote, wakatoka.

"Lakini tungeweza kupanda kidogo!" kinyozi akalalamika barabarani.

"Bei haikimbiliwi, mwanangu. Ukiikimbilia, itakupeleka mahali usipopajua."

Siku hiyo kinyozi hakusema chochote kibaya juu ya madalali dukani. Wateja waliona, wakamwuliza kama anaumwa.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mwashi mstaafu. Mke wake alikwishafariki, magoti yalikuwa yameanza kugoma, na binti yake aliyeolewa mji mwingine alikuwa amesema hataki kusikia tena kwamba baba yake anaishi peke yake. Kwa hiyo mzee alikuwa anauza.

Kinyozi aliingia uani na kusimama. Mtu anayeishi kwa kuchonga mstari wa nywele kwenye paji la uso anajua mstari ni nini, na mbele yake palikuwa na kona ya ukuta iliyoshuka kutoka kwenye paa hadi kwenye msingi kama uzi wenye jiwe. Akaikaribia, akafumba jicho moja, akalifumbua. Haikuyumba hata unywele. Ngazi tatu za mlangoni zilikuwa zimeviringwa kingo zake kwa mkono. Ndani, sakafu ya saruji nyekundu ilikuwa imesuguliwa hadi ikawa baridi na laini kama kibuyu. Madirisha yalikaa yakitazamana, hivi kwamba upepo uliingia upande mmoja, ukapita katikati ya nyumba ukiwasalimu, ukatoka upande wa pili.

"Shikamoo, mzee," kinyozi akasema, na kwa mara ya kwanza katika safari zote hizo alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada.

"Marahaba, mwanangu. Tazameni tu. Nyumba haina siri."

"Unaiuza bei gani?"

"Thelathini."

Kinyozi nusura apige kelele. Mkewe alimkanyaga mguu. Nyumba ya vyumba vitatu, maji ndani, barabara ya lami hatua chache tu, thelathini! Tayari kichwani kinyozi alikwisha kutoa ishirini na saba, akapandishwa hadi ishirini na nane na nusu, akanunua na feni. Akamgeukia Mama Fumua, akitegemea kumwona akitabasamu. Mama Fumua hakutabasamu. Alikuwa amesimama barazani, mkono mmoja nyuma, akikunja vidole kimoja kimoja. Akafika kwenye cha kati, akasita. Akakunjua vyote, akaanza upya. Akasita palepale.

"Mzee," akasema, "niwie radhi. Hii bei umeipataje?"

Mwashi akafurahi kuulizwa. Aliketi, akanyoosha magoti, akahesabu. Kiwanja, kwa bei ya viwanja vya leo, si ya zamani. Tofali. Saruji. Mchanga na kokoto, lori kwa lori. Nondo, mbao, mabati, milango, vioo, mabomba, rangi. Alikuwa amezunguka madukani kuuliza bei ya kila kitu ili asimpunje mtu wala asipunjike.

"Hesabu nzuri," Mama Fumua akasema. "Na fundi?"

"Fundi gani?"

"Aliyejenga."

"Nilijenga mimi."

"Ndiyo. Nauliza, umemlipa ngapi?"

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Mama wewe! Mtu anajilipa mwenyewe? Nijitoe pesa mfuko huu nitie mfuko huu?"

Mama Fumua alimuaga mzee. Akatangulia kutoka getini. Miaka yote ile mzee alijengea watu nyumba, wakamlipa nusu na kumwambia arudi mwezi ujao; na aliporudi kwake jioni akashika mwiko wake mwenyewe, naye pia hakujilipa. Ndivyo miji yote inavyosimama. Inasimama juu ya mikono ambayo hakuna anayeitaja, mpaka mikono yenyewe nayo inasahau kwamba ipo.

Ofisini, Mama Fumua aliketi bila kuvua viatu.

"Wanangu, ile bei haina fundi. Ukimtia fundi ndani, nyumba ile ni thelathini na saba, au na nane. Nimewaambia nyumba ni bei gani, na hiyo ndiyo kazi mliyonipa. Mkitoa thelathini, atawapa kesho na atawashukuru. Mkitoa zaidi, ni nyinyi."

"Ngoja kwanza, mama," mke wa kinyozi akasema. Sauti yake ilikuwa imekaza. "Umeajiriwa na nani?"

"Na nyinyi."

"Mbona sasa unamtetea yeye? Sisi ndio tuliomwambia asijihesabu?"

"Simtetei, mwanangu. Nakwambia unachonunua. Na nikuongeze moja: yule mzee ana watoto. Siku moja mmoja wao ataketi na mtu anayejua nyumba, ataambiwa baba yako aliporwa. Hapo utaanza kufungua milango ya mahakama. Nyumba iliyonunuliwa kwa usingizi wa mtu haikupi usingizi wewe."

"Hilo la mahakama nalielewa. Lakini mama yangu analala sebuleni."

Mama Fumua akainama, akaanza kuvua viatu.

Kesho yake kinyozi alikuwa dukani. Mwalimu mmoja alinyolewa, akajitazama kwenye kioo, akaridhika, akalipa, akaondoka. Kinyozi akabaki na noti mkononi. Akautazama mkasi: uko palepale. Wembe, kioo, kiti, kitambaa, vyote viko palepale. Hata nywele za mwalimu zilikuwa chini, zinangoja ufagio. Yule mtu hakuondoka na kitu chochote kutoka dukani, na bado alikuwa amelipa, tena kwa furaha. Kinyozi alikuwa ameshika noti namna hiyo maisha yake yote, na hakuwahi kushangaa. Sasa alisimama katikati ya duka lake mwenyewe kama mgeni.

Jioni alimweleza mkewe habari ya noti ile, na kwamba anataka mwashi alipwe ufundi wake. Alitegemea vita. Mke alikuwa akikunja nguo za watoto. Akaendelea kukunja mpaka zikaisha, akaanza kuzikunjua na kuzikunja tena.

"Mama yangu alifua nguo za watu tangu sijazaliwa," akasema mwishowe. "Walikuwa wakimpa pesa wanasema, hii ya sabuni. Ya sabuni! Nilikuwa nasimama mlangoni nasikia." Akalitupa shati pembeni. "Haya. Thelathini na sita, zote. Lakini usinisemeshe leo."

Siku iliyofuata wakarudi wote watatu kwa mwashi.

"Mzee, tumekuja na bei," kinyozi akaanza.

"Bei yangu mnaijua. Kama mnataka kupunguza, semeni, ila msiitukane nyumba."

"Hatupunguzi. Tunatoa thelathini na sita."

Mwashi akamtazama kinyozi. Akamtazama Mama Fumua. Kisha akamgeukia mke. "Mwanangu, huyu mumeo ni mzima?"

"Alikuwa mzima mpaka juzi, baba. Hata mimi nangoja aamke."

"Kuna nini chini ya nyumba yangu?" Mzee akainuka, magoti yakilia. "Barabara inapanuliwa? Mmeona ramani? Mtu haongezi bei bure. Mimi nimezaliwa zamani, msinichezee."

"Hakuna kitu, mzee."

"Basi thelathini. Sipunguzi, siongezi."

"Thelathini na sita."

"Thelathini! Kijana, unanilazimisha nini?"

Jirani aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ukuta alichomoza kichwa. Alikuwa amesikia watu wengi wakigombania bei, lakini wa namna hii hakuwahi kuwasikia. Akaacha ndoo yake, akaegemea ukuta ili astarehe vizuri.

"Mzee," kinyozi akasema, "ukija kwangu nikakunyoa, ukatoka, umechukua nini dukani mwangu?"

"Kichwa changu."

Jirani akacheka. Kinyozi naye akacheka, lakini hakuiacha. "Kichwa ulikuja nacho. Mkasi nimebaki nao. Kioo nimebaki nacho. Hata nywele zako umeniachia nifagie. Mbona unanilipa?"

"Kwa kazi."

"Kazi ipi? Huoni umechukua kitu."

"Kazi ya mkono, bwana wewe, unafikiri..." Mdomo wa mzee ulibaki wazi kidogo. Polepole akaitazama mikono yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyekabidhiwa vyombo na hajui ni vya nani. Kisha akainua macho kwenye ukuta wa mbele, akaufuata kozi kwa kozi, safu ya tofali juu ya safu, kutoka chini hadi kwenye paa. Jirani akateremsha kichwa nyuma ya ukuta.

"Kwa watu nilikuwa nadai," akasema taratibu. "Wasipolipa nilikuwa nagomba. Kwangu sikudai hata siku moja." Akaketi. "Niacheni mpaka Ijumaa."

Kinyozi alitoka pale akihisi kama ametembea kwenye paa la nyumba ndefu na hakuanguka. Hakujua kwamba anguko lilikuwa njiani.

Lilimfikia dukani, katikati ya wiki, kutoka kwenye kidevu cha dereva wa lori aliyekuja kunyolewa. Dereva alifanya kazi kwa mfanyabiashara wa magodoro.

"Bosi kapata uwanja mzuri, karibu na lami," akasema huku povu limemzunguka mdomo. "Mzee mmoja mwashi. Alikuwa anazunguka anauliza nyumba yake inafaa bei gani, habari zikamfikia bosi. Kamtajia arobaini, taslimu. Anataka kuweka stoo."

Wembe ukasimama.

"Vipi, kinyozi? Umekufa? Nusu ya uso wangu bado!"

Alimaliza uso wa dereva kwa mkono wa mazoea tu. Akafunga duka mchana kweupe, akaenda nyumbani kumwambia mkewe. Mke alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, hajavua hata sare.

"Aliyelala usimwamshe," akasema bila kugombeza, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Ukimwamsha, utalala wewe. Wazee walisema, sisi tukajifanya hatujasikia."

Kutoka hapo kinyozi alikwenda moja kwa moja kwa Mama Fumua, hasira ikimtangulia mlangoni.

"Umetumaliza! Mzee alikuwa anasema thelathini. Thelathini, mama! Leo tungekuwa tunapaka rangi. Wewe na vidole vyako umemfundisha kupanda, sasa ameshapanda hatumfikii!"

"Ulitaka nikwambie nini?"

"Ungenyamaza!"

"Kama ningenyamaza, ungekuwa umeajiri dalali wa kama wale unaowasema dukani kwako." Alisema bila ukali. "Ningesema vilevile leo, hata kama nyumba inakwenda."

"Rahisi kwako. Wewe una pa kulala."

Mama Fumua akainamisha kichwa. "Ni kweli," akasema.

Hapo ndipo kinyozi alipoiona cherehani. Kitambaa cheupe kilikuwa kimevuliwa, na chini ya sindano palikuwa na kipande cha nguo chakavu kilichoshonwa mstari juu ya mstari juu ya mstari, mshono usioshona kitu. Mama huyu alikuwa ameketi pale na macho yake mabovu, akikanyaga pedeli tangu habari zimfikie. Kumbe alikuwa anaogopa. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba ukweli ule ungeweza kuwanyima nyumba, akausema hivyohivyo, kisha akaja kuketi na woga wake peke yake bila kumwuzia mtu. Hasira ya kinyozi ilipoteza pa kusimama. Alimtazama mwanamke yule mnene mwenye miwani ya uzi kama unavyotazama mlima uliokuwa umeufikiria ni wingu.

"Ijumaa twende," Mama Fumua akasema. "Bei yenu hajaikataa. Bei isiyokataliwa bado iko mezani."

Ijumaa walikwenda, mke akiwa amevaa sare ya kazi, kwa kuwa hakuona sababu ya kuvaa vizuri ili aambiwe hapana. Mwashi aliwapokea uani. Hakuwakaribisha ndani, aliwaonyesha ngazi, wakaketi hapo wote kama watoto wanaongoja kuitwa.

"Mnajua kuna mtu amenitajia arobaini," akasema.

"Tumesikia, baba," mke akajibu. "Ni haki yako."

"Alikuja mwenyewe, na kijana wa mashine za kubomoa. Sikuwa na ubaya naye, nikampitisha nyumba nzima. Hakutazama juu hata mara moja. Alikuwa anahesabu hatua za uwanja. Nikamwuliza, na kuta hizi utazifanyaje? Akanishika bega, akaniambia, mzee, usiwe na wasiwasi, hiyo ni kazi ya asubuhi moja." Mwashi akakuna kidevu. "Asubuhi moja. Akasema kwa wema kabisa, ili nisisumbuke."

Mke akazitazama kuta zile, toka ngazini hadi kwenye paa.

"Sasa mimi nimeketi, nikaifumua kwa vidole kama nilivyomwona huyu mama barazani. Ile arobaini yake ni kiwanja na mtaa, basi. Vidole viwili. Na kiwanja sikukijenga mimi, nilikikuta. Thelathini yangu ilikuwa ya kiwanja na vifaa. Katika watu wote waliotaja bei ya nyumba hii, na mimi nikiwemo, ni huyu mnyoa vichwa peke yake aliyenitia mimi ndani." Akamnyooshea kinyozi kidole kilichopinda. "Nipeni thelathini na sita."

"Mzee," Mama Fumua akasema haraka, "mimi ni wa wanunuzi, lakini haki ni haki. Nne ni nyingi. Watoto wako watauliza."

"Nitawaambia niliuza nyumba, sikuuza kiwanja. Wakitaka kugomba, wagombe na mimi nikiwa hai. Ila kwenye mkataba, mama, ufundi uandike mstari wake peke yake. Usiuchanganye na mabati."

Mama Fumua akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mke wa kinyozi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na mabega yalikuwa yakimtikisika. Haikujulikana ni kicheko au ni nini. Kinyozi mwenyewe aliinama akashika ukingo wa ngazi alioukalia, ule ulioviringwa kwa mkono, akaupapasa mara nyingi, na hakuthubutu kuinua uso.

"Ngojeni, msishukuru bado," mwashi akasema. "Njooni ndani. Kuna kitu mnapaswa kukiona kabla hamjatia sahihi."

Akawapeleka chumba cha nyuma, akasukuma kabati kwa bega, kinyozi akamsaidia. Nyuma yake ukuta ulionekana sawa na kuta nyingine. Mzee akachukua kiganja cha kinyozi, akakibandika juu yake, akakivuta taratibu kuelekea kushoto. Kinyozi akahisi: palikuwa na uvimbe, mwembamba kama mshipa, ukipita upande hadi upande.

"Kozi moja imetoka nje ya kamba ya kunyooshea," mwashi akasema. "Siku hiyo nilikuwa hapa juu ya jukwaa, wakaja kuniambia nimepata binti. Nikasema haya, nakuja, namalizia mstari huu. Mkono uliendelea kujenga, lakini mimi nilishakwenda. Lipu imeficha, ila iko. Ukitaka kupunguza kitu, punguza sasa, nisije nikasemwa."

Kinyozi hakuondoa kiganja. Ukuta ulikuwa na joto kidogo, kama ubavu wa mnyama aliyelala. Mtu mmoja, peke yake, jioni baada ya jioni, alikuwa ameinua vyote hivi kutoka kwenye vumbi, na mahali pekee alipokosea ni pale alipofurahi kupita kiasi.

Mkewe akamsogeza pembeni. Akaweka kiganja chake yeye, akafuata uvimbe hadi ulipoishia, akarudi nao. Kisha akatazama chumba, dirisha, mlango, akipima kwa macho kama anavyopima rafu za bohari.

"Usipunguze kitu," akamwambia mumewe. Akamgeukia mzee. "Lakini baba, hapa kabati litakuwa linatikisika kila siku."

"Linatikisika, mwanangu. Nimelivumilia tu."

"Basi sisi hatuweki kabati. Hapa tunaweka kitanda cha mama yangu."